Sparks: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Ndugu Wawili na Kinanda Chao

Sparks ni akina nani?

Sparks ni kundi la muziki la Marekani linaloundwa na ndugu wawili wa tumbo moja, Ron Mael na Russell Mael. Ron, ambaye ndiye kaka mtu, alizaliwa mwaka 1945. Ndiye mtunzi mkuu na ndiye anayepiga kinanda. Russell, aliyezaliwa mwaka 1948, ndiye mwimbaji. Walikulia Pacific Palisades, upande wa Los Angeles unaopakana na bahari, na hadi leo makao yao ni katika jiji hilo. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1971, na albamu iitwayo "MAD!" ilitoka Mei 2025, na kati ya hizo mbili zimo nyingine zaidi ya 20. Ni wanamuziki wachache sana wa kizazi chao walioendelea kutoa kazi mpya kwa zaidi ya miaka 50 bila kuvunja kundi, na wachache zaidi ambao kazi zao za uzeeni zinastahili kusikilizwa kwa umakini ule ule unaopewa zile za ujanani.

Je, si Waingereza?

Hapana. Swali hili haliishi kuulizwa, na sababu yake inaeleweka: umaarufu wao wa kwanza waliupata London, kampuni iliyowatangaza ilikuwa ya Uingereza, na Russell anapoimba, matamshi yake hayamfungi mahali popote. Wote wawili walisoma katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, ambako masomo yao yalihusu filamu, sanaa za michoro na tamthilia. Baba yao alikuwa mchoraji wa magazeti na alifariki wakiwa bado watoto. Mama yao, aliyekuwa mkutubi, ndiye aliyewalea. Mambo mawili katika malezi hayo, yaani kupenda sinema na kuzoea kuuona ulimwengu kwa jicho la mchora vibonzo, yanaonekana katika karibu kila wimbo waliowahi kuutoa.

Walianzaje?

Kundi lao la mwanzo liliitwa Halfnelson. Lilikuwa na watu watano, na jambo la kuvutia ni kwamba ndani yake mlikuwa na jozi mbili za ndugu: Ron na Russell Mael kwa upande mmoja, na Earle Mankey na Jim Mankey kwa upande wa pili, pamoja na mpigangoma Harley Feinstein. Todd Rundgren, mwanamuziki na mtayarishaji wa Marekani, alizipenda kanda zao za majaribio, akawapeleka katika kampuni ya Bearsville iliyokuwa mali ya Albert Grossman, na yeye mwenyewe akaisimamia albamu ya kwanza. Albamu hiyo haikuuzika. Grossman aliona kwamba tatizo ni jina, akapendekeza waitwe The Sparks Brothers kwa kufuata mfano wa wachekeshaji The Marx Brothers. Ndugu hawakulipenda neno la mwisho, wakabaki na Sparks. Albamu ile ile ikatolewa upya mwaka 1972 kwa jina jipya, ikifuatiwa na ya pili, na bado wanunuzi nchini Marekani hawakujitokeza.

Kwa nini walihamia London, na walipata nini huko?

Walikuwa wamefanya ziara fupi Uingereza na kuona kwamba watu wa huko waliwaelewa upesi zaidi kuliko watu wa nyumbani. Mwaka 1973 kampuni ya Island ikawaalika wahamie, ila bila wenzao watatu wa Marekani. Wakaenda wawili, wakatafuta wapigaji wapya kwa kutangaza katika gazeti la muziki, na mwaka 1974 wakatoa albamu iitwayo "Kimono My House", iliyosimamiwa na Muff Winwood. Jalada lake lina picha ya wanawake wawili wa Kijapani waliovaa kimono, na mbele hakuna jina la kundi wala jina la albamu.

Wimbo ulioibeba albamu hiyo, "This Town Ain't Big Enough for Both of Us", ulifika nafasi ya 2 katika chati ya Uingereza. Ni wimbo wa ajabu hata leo. Kinanda kinaanza kwa mbali kama kinachokaribia msikilizaji, kisha sauti ya Russell inapanda mahali ambapo waimbaji wengi wa kiume hawathubutu kufika, halafu ghafla gitaa na mlio wa bunduki vinaingia kama katika sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani. Sauti ile ya juu haikutokana na mbinu ya studio. Ron alitunga kwenye kinanda katika ufunguo uliomfaa yeye mpigaji, na hakuwa tayari kuushusha kwa ajili ya mwimbaji. Russell ikambidi apande aufuate. Hivyo mtindo wa uimbaji ambao leo tunautambua kuwa ndio alama ya Sparks ulizaliwa kutokana na mdogo mtu kuitii noti iliyoandikwa na kaka yake.

Baada ya hapo walitoa "Propaganda" mwishoni mwa mwaka huo huo, na "Indiscreet" mwaka 1975 chini ya usimamizi wa Tony Visconti. Wasichana walikuwa wakipiga mayowe kwenye maonyesho yao. Kisha mvuto ukapungua, wakarudi Marekani, wakatoa albamu mbili za roki zilizopita bila kelele.

Mbona Ron hacheki wala hachezi jukwaani?

Kwa sababu aliamua hivyo tangu mwanzo, na uamuzi huo umekuwa na athari kubwa kuliko watu wanavyodhani. Watazamaji wa kipindi cha "Top of the Pops" cha BBC mwaka 1974 waliona kijana mwenye nywele za mawimbi akirukaruka na kuimba, na nyuma yake mtu aliyevaa shati na tai, mwenye masharubu mafupi ya mraba, ameketi kimya huku akiikazia macho kamera. Masharubu yale yaliwakumbusha wengine Charlie Chaplin na wengine Hitler, na baada ya miaka Ron aliyabadilisha yakawa mstari mwembamba. Mwaka 1980, Paul McCartney alipojigawa katika wahusika wengi kwa ajili ya video ya wimbo wake "Coming Up", mmoja wa wahusika hao alikuwa ni Ron Mael mtupu.

Tazama sasa jozi nyingi za miaka ya 1980 na baadaye: mmoja anaimba na kusogea, mwingine amesimama nyuma ya kinanda bila kuonyesha hisia yoyote. Soft Cell walisimama hivyo, na Pet Shop Boys wakafanya hivyo hivyo. Picha hiyo tumeizoea kiasi cha kuiona ya kawaida, lakini kuna waliotangulia kuichora.

Kama walianza na magitaa, kwa nini wanahesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa sinthi-popu?

Sinthi-popu ni muziki wa popu unaotengenezwa kwa sinthesaiza, yaani vinanda vya umeme vinavyounda sauti zake vyenyewe. Jibu la swali hili limo katika albamu moja yenye nyimbo sita tu, "No. 1 in Heaven" ya mwaka 1979, na ningependa kulieleza kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo penye moyo wa historia yao.

Mwaka 1977, Giorgio Moroder, mtayarishaji wa muziki mzaliwa wa kaskazini mwa Italia aliyekuwa akifanya kazi Munich, Ujerumani, alitengeneza pamoja na Pete Bellotte wimbo wa "I Feel Love" ulioimbwa na Donna Summer. Karibu kila kitu ndani ya wimbo ule, isipokuwa sauti ya mwimbaji na ngoma ya mguu, kilitoka kwenye sinthesaiza kubwa ya Moog iliyoendeshwa na sikwensa, yaani mashine inayoshika mfuatano wa noti na kuurudia bila kuchoka. Ron na Russell waliusikia, na wakatambua kwamba walikuwa wamefika mwisho wa njia ya magitaa. Wenyewe wamesimulia kwamba, walipohojiwa na mwandishi wa habari wa Kijerumani, walisema watafanya kazi na Moroder ilhali hawakuwa wamekutana naye. Kumbe mwandishi huyo alikuwa rafiki yake, akampelekea habari, na Moroder akakubali.

Lililotokea studioni halikuwa limefanywa na kundi la roki kabla yao kwa ukamilifu wa namna hiyo. Sparks hawakuongeza sinthesaiza juu ya bendi, waliiondoa bendi. Gitaa likatoka, gitaa la besi likatoka, na mahali pake pakajazwa mikondo ya noti za mashine zinazokimbia kwa mwendo ule ule kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Mtu pekee wa kupiga kwa mikono aliyebaki karibu na ndugu hao alikuwa Keith Forsey kwenye ngoma, na ukisikiliza kwa makini utasikia jinsi mikono yake inavyoupa mdundo uhai ambao mashine za wakati ule hazikuwa nao. Walibaki wawili: mmoja anatunga, mmoja anaimba, na fundi akiongoza mitambo. Muundo huo wa watu wawili na mashine ndio ambao vijana wa Uingereza waliushika miaka miwili mitatu baadaye, na ukawa kawaida.

Jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka ni upande wa maneno. Muziki wa disko wa wakati ule ulikuwa na maneno machache na mepesi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwachezesha watu. Ron hakupunguza chochote katika utunzi wake. Wimbo wa kwanza wa albamu, "Tryouts for the Human Race", unasimuliwa na mbegu za uzazi zinazoshindana kuwa binadamu. Wimbo wa jina la albamu unazungumzia wimbo unaoongoza chati za mbinguni, ambao binadamu hawezi kuusikia mpaka afe. Kuweka fikra za namna hiyo juu ya mdundo wa kuchezea, na kuziimba kwa sauti nyembamba isiyo na dharau ndani yake, ulikuwa ni uvumbuzi kwa haki yake yenyewe.

Albamu hiyo ilipokelewaje?

Nchini Uingereza, "The Number One Song in Heaven" ulifika nafasi ya 14 na "Beat the Clock" ukafika nafasi ya 10. Wapenzi wa roki waliona kama usaliti, kwa sababu mwaka 1979 disko ilikuwa na maadui wengi na wakali. Nchini Marekani albamu hiyo haikusikika sana. Albamu iliyofuata, "Terminal Jive" ya mwaka 1980, ambayo Moroder aliisimamia pamoja na Harold Faltermeyer, ilikuwa dhaifu zaidi kwa maoni yangu, ingawa ilikuwa na wimbo mmoja, "When I'm with You", uliopendwa mno Ufaransa.

Kwa nini hawakuvuma sana nyumbani kwao?

Walivuma kidogo, kwa muda, na mahali maalumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walirudi kwenye bendi kamili, wakachukua wapigaji wa kundi la Los Angeles lililoitwa Bates Motel, na kituo cha redio cha KROQ cha eneo hilo kikawa kinapiga nyimbo zao mchana na usiku. "I Predict" ya mwaka 1982 ilifika nafasi ya 60 katika chati ya taifa, na mwaka uliofuata "Cool Places", walioimba pamoja na Jane Wiedlin wa kundi la Go-Go's, ilifika nafasi ya 49. Hapo ndipo kilele chao katika chati hiyo.

Sababu ziko nyingi na sidhani kama moja inatosha. Redio za Marekani wakati huo ziligawanywa kwa mitindo, na kundi linalobadilika kila baada ya albamu mbili halikuwa na redio ya kulimiliki. Isitoshe, msikilizaji wa Marekani alitaka kujua kama mwimbaji anamaanisha au anatania, na Sparks hawajawahi kumpa jibu la moja kwa moja. Ufaransa, Ujerumani na Uingereza ziliwapokea kwa zamu: moja ikichoka, nyingine inaamka. Pengine hilo ndilo lililowaokoa, maana hakuna soko moja lililoweza kuwaangamiza lilipowafungia mlango.

Je, nyimbo zao ni mizaha tu?

Zinachekesha, na hilo halipingiki, lakini kuziita mizaha ni kuzisikiliza kwa sikio moja. Mhusika wa Ron Mael kwa kawaida ni mwanamume aliyechelewa, aliyekataliwa, au anayehesabu vibaya nafasi zake, na anayeeleza hali yake kwa lugha nadhifu sana huku moyo unavunjika. Chukua "Equator", wimbo wa mwisho wa "Kimono My House". Mtu amekubaliana na mpenzi wake wakutane kwenye Ikweta. Amefika na zawadi zake, mpenzi hayupo, na zawadi zimeyeyuka au zimekufa kwa joto. Hajafikiria kwamba Ikweta inazunguka dunia nzima. Msomaji aliyewahi kusimama penye bango la Ikweta pale Nanyuki anaweza kumwona mtu huyo, na anaweza pia kuhisi ukubwa wa upweke wake.

Wimbo wa "Never Turn Your Back on Mother Earth", kwa upande mwingine, hauna kichekesho hata kimoja. Martin Gore wa Depeche Mode aliuimba upya mwaka 1989 alipotoa rekodi yake ya kwanza bila kundi lake, na aliuimba kwa unyenyekevu kabisa.

Walikuwa wapi kati ya mwaka 1988 na 1994?

Walikuwa wakifanya kazi ambayo hakuna aliyeiona. Baada ya albamu ya "Interior Design" ya mwaka 1988, walitumia takriban miaka sita kuandaa filamu ya muziki kutokana na hadithi ya vibonzo vya Kijapani iitwayo "Mai, the Psychic Girl". Tim Burton alihusishwa nayo, muziki ulitungwa, na mwishowe filamu haikutengenezwa. Huo haukuwa mkasa wao wa kwanza wa aina hiyo: katikati ya miaka ya 1970 walikuwa wamepanga kucheza katika filamu ya mwongozaji Mfaransa Jacques Tati, nayo ikakwama, na Tati akafariki mwaka 1982.

Ninalitaja hili kwa uzito kwa sababu watu husoma orodha ya albamu na kuona pengo la miaka sita, wakadhani walikuwa wamelala. Kila siku ya kazi walikuwa studioni nyumbani kwa Russell, wakitunga.

Walirudije?

Walirudi mwaka 1994 na albamu ya "Gratuitous Sax & Senseless Violins", wakiwa wawili tu na vinanda vyao, bila bendi. Wimbo wake mkuu, "When Do I Get to Sing 'My Way'", uliingia kumi bora Ujerumani. Ni wimbo wa mtu anayeuliza lini nafasi yake itafika ya kuimba kwa fahari kama washindi wanavyoimba, na ulitungwa na watu waliokuwa wametoka kupoteza miaka sita. Sijui kama kuna wimbo wao mwingine ulio karibu zaidi na maisha yao wenyewe.

Wakati huo kizazi kilichojifunza kwao kilikuwa kimeshakuwa na majina makubwa kuliko lao, na wasikilizaji vijana waliwaona kama wanaofuata nyayo za Pet Shop Boys. Miaka mitatu baadaye walitoa "Plagiarism", albamu ya nyimbo zao wenyewe zilizopigwa upya, wakishirikiana na Erasure, Jimmy Somerville na Faith No More. Jina la albamu lina maana ya wizi wa kazi ya mtu, na aliyeibiwa hapo ni wao.

"Lil' Beethoven" ni sinthi-popu?

Kwa sauti, hapana. Kwa utaratibu wa kazi, ndiyo. Mwaka 2002 walitupa ngoma karibu zote, wakajaza nafasi kwa violini, piano na sauti ya Russell iliyorudufishwa mara nyingi hadi ikawa kwaya. Maneno yanarudiwa na kurudiwa; katika "My Baby's Taking Me Home" sentensi moja karibu ndiyo wimbo wote, na inaporudi tena na tena, maana yake inabadilika kutoka furaha ya kawaida hadi kitu kinachokaribia sala. Lakini okestra ile haikuketi katika ukumbi. Ilitengenezwa na ndugu wawili nyumbani kwa mashine, kwa subira, tabaka juu ya tabaka, na kanuni ya kurudia bila kuchoka ni ile ile ya sikwensa ya Munich. Kwangu mimi hii ndiyo albamu yao kubwa ya pili baada ya ile ya mwaka 1979, na wote wanaoipenda wanakubali kwamba iliwafungulia nusu ya pili ya maisha yao ya kazi.

Ni kweli walipiga albamu zao zote kwa mfululizo?

Ni kweli. Mei na Juni 2008, jijini London, walipiga albamu 21 katika usiku 21, kila usiku albamu moja nzima kwa mpangilio wake, kuanzia ile ya mwaka 1971 hadi "Exotic Creatures of the Deep" iliyokuwa mpya wakati huo. Usiku 20 wa kwanza ulikuwa katika ukumbi wa Islington Academy, na wa mwisho Shepherd's Bush Empire. Hesabu ya nyimbo ilizidi 200, nyingi zikiwa hazijawahi kupigwa mbele ya watu, na ilibidi bendi ifanye mazoezi kwa miezi mingi. Russell alikuwa na karibu miaka 60 na aliimba nyimbo za mwaka 1974 katika ufunguo wake wa awali.

Kinyume chake kilifuata mwaka 2012, walipozunguka na onyesho lililoitwa "Two Hands One Mouth", yaani mikono miwili na mdomo mmoja: Ron kwenye kinanda, Russell akiimba, na hakuna kingine jukwaani.

Ndoto yao ya filamu ilitimia?

Ilitimia walipokuwa wazee. Mwongozaji Mfaransa Leos Carax alitumia wimbo wao wa mwaka 1975, "How Are You Getting Home?", katika filamu yake "Holy Motors" ya mwaka 2012. Wakafahamiana, nao wakampa hadithi yao ya muziki iitwayo "Annette", waliyokuwa wameikusudia kuwa albamu. Filamu hiyo, iliyochezwa na Adam Driver na Marion Cotillard, ilifungua tamasha la Cannes Julai 2021, na Carax akapewa tuzo ya mwongozaji bora. Mwaka uliofuata ndugu wa Mael walipata tuzo ya César ya muziki bora wa filamu. Mwaka huo huo wa 2021 ilionyeshwa pia "The Sparks Brothers", filamu ya maisha yao iliyoongozwa na Edgar Wright. Ikiwa hujawahi kusikia habari zao na una saa mbili na ushee, anza na filamu hiyo ya Wright.

Ni wanamuziki gani walioathiriwa nao?

Stephen Morris, mpigangoma wa Joy Division na baadaye New Order, amekiri kwamba walipotengeneza "Love Will Tear Us Apart" walikuwa wakisikiliza "The Number One Song in Heaven". Vince Clarke na Andy Bell wa Erasure, pamoja na Nick Rhodes wa Duran Duran, wote wanazungumza katika filamu ya Wright. Morrissey, akiwa kijana wa Manchester mwaka 1974, aliandika barua kwa gazeti la muziki la NME kuisifu "Kimono My House". Siouxsie and the Banshees waliuimba upya "This Town" mwaka 1987. Mwaka 2015, kundi la Franz Ferdinand kutoka Scotland liliungana nao kabisa kwa jina la FFS, wakatoa albamu moja yenye nyimbo bora kuliko miungano mingi ya aina hiyo.

Athari iliyo muhimu kuliko majina hayo, hata hivyo, ni ruhusa waliyoitoa: ruhusa ya watu wawili kujiita kundi kamili, na ya mwimbaji wa muziki wa kuchezea kuwa na akili na huzuni kwa wakati mmoja.

Bado wanafanya kazi?

Ndiyo, na kwa bidii. "Hippopotamus" ya mwaka 2017, "A Steady Drip, Drip, Drip" ya mwaka 2020 na "The Girl Is Crying in Her Latte" ya mwaka 2023 zote ziliingia kumi bora za albamu Uingereza, jambo ambalo walikuwa hawajalipata tangu miaka ya 1970. Katika video ya wimbo wa jina la albamu ya mwaka 2023, mwigizaji Cate Blanchett anacheza peke yake akiwa amevaa suti ya manjano, na mwaka huo huo akajiunga nao jukwaani katika tamasha la Glastonbury, Uingereza. Mwezi uliofuata walipiga katika ukumbi wa Hollywood Bowl, katika jiji lao wenyewe. Kisha ikaja "MAD!" mwaka 2025, Ron akikaribia kutimiza miaka 80.

Nianze na albamu ipi?

Ukipenda vinanda na mdundo, anza na "No. 1 in Heaven" na uisikilize mfululizo bila kuruka wimbo, kwa kuwa nyimbo sita zake zimeunganishwa kama safari moja. Ukipenda magitaa, "Kimono My House". Ukiwa mtu wa kwaya na piano, "Lil' Beethoven". Ningekushauri usianze na mkusanyiko wa nyimbo maarufu, kwa sababu nyimbo za vipindi tofauti zikipangwa pamoja zinachanganya, na mtu anaweza kudhani amesikia makundi matano.

Kinanda cha Ron kimeandikwa nini?

Kimeandikwa "Ronald". Ni kinanda cha kampuni ya Kijapani ya Roland, na Ron alibadilisha mpangilio wa herufi sita za nembo zikawa jina lake kamili. Amekuwa akisimama nyuma ya maandishi hayo kwa miaka mingi, mikono juu ya noti, uso umetulia, mpaka karibu na mwisho wa onyesho, anapoinuka, anapiga hatua mbele na kucheza kwa sekunde chache huku ukumbi mzima ukishangilia, kisha anarudi mahali pake.